Hesabu ya Mkono

Jaribu kuzidisha 111111111 kwa yenyewe kwenye kikokotoo cha dukani chenye nafasi 8: kitakwama kabla hujaanza, kwa kuwa ile 1 ya tisa haina pa kukaa. Kile cha wanafunzi wa sekondari chenye nafasi 10 kitakuletea 1.234567899 mara 10 kwa kipeo cha 16. Jibu limekatwa mkia. Jibu kamili ni 12345678987654321, namba isomekayo vilevile ukianzia kushoto au kulia, na uzuri wake umo katika tarakimu zilezile ambazo mashine imezitupa.

Nilimtazama mwalimu mstaafu, jirani yetu, akiitafuta kwa chaki mbele ya wajukuu zake. Hakuwa na haraka. Aliandika mstari wa 1 tisa, chini yake mwingine uliosogea nafasi moja kushoto, kisha mwingine, hadi mistari ikatimia tisa na ubao ukawa na ngazi. Akapiga mstari, akaanza kujumlisha kutoka kulia. Safu ya kwanza ina 1 peke yake. Ya pili zipo mbili. Ya tatu, tatu. Safu ya katikati ikajaa tisa kamili, halafu zikaanza kupungua: nane, saba, hadi ikabaki moja. Hakubeba hata mara moja. Wajukuu wakawa wanazitaja tarakimu kabla babu hajaziandika.

Aliyejumlisha safu zile kwa mkono wake anajua kwa nini namba inapanda na kushuka, tena anajua kwa nini inaishia tisa. Ongeza 1 ya kumi, safu ya katikati inafika 10, inabidi ubebe, na ulinganifu unavunjika: 1234567900987654321. Upande wa kushoto 8 imetoweka.

Mwalimu akaendelea. Alijumlisha tarakimu zote za jibu akapata 81, na jibu lenyewe linagawanyika kwa 81. Akaivunja 111111111 ikawa 9 mara 37 mara 333667. Hiyo ya mwisho ni namba tasa, na kuhakikisha kwa kalamu kunataka uijaribu kwa namba tasa moja baada ya nyingine mpaka 577. Zamani walikuwapo watu waliokuwa tayari kuitoa jioni yao kwa kazi hiyo.

Tarakimu hizi zilitoka India, zikapita Baghdad kwa al-Khwarizmi katika karne ya 9, na Fibonacci wa Pisa akaziandikia kitabu mwaka 1202. Ufundi uliovuka karne zote hizo tunauacha ndani ya umri wa mtu mmoja. Siku hizi muuza duka hushika simu kutafuta 500 mara 6, na mteja naye husubiri bila kushangaa.

Wewe mwenye mtoto wa darasa la nne, mpe 1111 mara 1111 kwenye daftari lake la hesabu, na simu ikae mbali mpaka amalize.