Mwendo wa Kuimbia

Anayetaka kujua ufundi wa kukimbia unaanzia wapi asiende uwanjani kutazama mashindano. Aamke Jumapili alfajiri, asimame kando ya barabara ya Temeke au Mbagala jijini Dar es Salaam, asubiri kikundi cha jogging kipite. Atakisikia kabla hajakiona. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na nyayo zinatua pamoja kwenye lami. Wamo vijana wa bodaboda, kina mama waliojifunga kanga viunoni, na wastaafu. Mwendo wao ni wa chini kuliko wa mtu anayewahi daladala, nami sijaona mwendo bora kuliko huo kwa anayeanza.

Siri iko kwenye wimbo. Anayekimbia kupita uwezo wake hukata pumzi, na aliyekata pumzi haitikii. Walimu wa riadha kote duniani hutumia kipimo cha namna hiyo: katika mazoezi mepesi, mkimbiaji aweze kusema sentensi nzima bila kutweta. Sisi tuliokimbia mchakamchaka shuleni huku tukiimba tulikuwa nacho tangu utotoni.

Siku moja nilimtazama dada mgeni katika mstari wa nyuma. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi karibu na masikio, ngumi zimekazwa, midomo imefumbwa. Mzee aliyekuwa kando yake akamwambia, "Mwanangu, mbona sikusikii?" Dada yule akatikisa kichwa tu. "Basi tembea. Sauti ikirudi, tutaendelea." Mzee naye akaacha kukimbia, wakatembea pamoja wakipita nguzo za umeme moja baada ya nyingine. Mabega yakashuka, vidole vikafunguka, na kiitikio kilipofika dada akakipokea, kwa sauti ndogo lakini kamili. Ndipo wakaanza tena. Huo ni ualimu wa hali ya juu.

Mwili una sababu ya kudai subira hiyo. Moyo, mapafu na damu huzoea mapema. Ndani ya wiki chache tu mtu huanza kujisikia mwepesi. Kano na mifupa huchelewa, huhitaji miezi. Tena mfupa uliozidishiwa kazi huondoa kwanza chembe zilizochakaa ndipo ujenge mpya, kwa hiyo kuna kipindi unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi. Kipindi hicho huangukia palepale pumzi inapoanza kuwa nzuri, na mtu anashawishika kuongeza kasi. Ugoko unauma, kisigino kinawaka, viatu vinarudi chini ya kitanda. Fundi mwashi huacha zege likomae ndipo apandishe ukuta, hata kama juu linaonekana limekauka. Mkimbiaji naye anajenga jambo ambalo macho hayalioni.

Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark alitunga programu ya wiki 9 ya kumfikisha mtu asiye na mazoezi kwenye kilomita 5. Wiki ya kwanza ni ya unyenyekevu: unatembea dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia kwa dakika 20, mara 3 kwa wiki. Wengi huiona ni ya kitoto. Mimi naiheshimu hasa kwa zile sekunde 90, kwa kuwa zinamrudisha mtu nyumbani akiwa bado na hamu. Hamu ya kutoka tena keshokutwa ndiyo tunda la kwanza la kuanza taratibu, nami nalithamini kuliko kasi yoyote. Matunda mengine hufuata bila kelele: usingizi mzito, mapigo ya moyo yaliyotulia, ngazi za ofisini zinazopandwa bila kushika ukuta.

Wala polepole si ya wanaoanza peke yao. Arthur Lydiard wa New Zealand aliwakimbiza wanariadha wake kilomita nyingi kwa mwendo wa wastani kabla ya kuwapa kasi, na mmoja wao, Peter Snell, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 Roma mwaka 1960, kisha ya 800 na ya 1500 Tokyo mwaka 1964. Lydiard huyohuyo aliwatoa watu wazima wa Auckland, hata waliowahi kuugua moyo, wakakimbie taratibu. Kule Kaptagat na Iten nchini Kenya, mabingwa wanaoweza kumaliza kilomita moja chini ya dakika 3 huanza mazoezi mepesi ya asubuhi kwa mwendo ambao mgeni anaumudu. Hawaoni aibu. Wanajua kasi wanaiweka kwa ajili ya siku gani.

Nina ombi kwa viongozi wa vikundi vya mitaani. Mgeni anapojiunga, muulizeni kwanza kama ana shinikizo la damu au matatizo ya moyo, na kama anayo, aonane na daktari. Kisha mpeni mzoefu mmoja wa kukaa naye nyuma, mwenye ruhusa ya kutembea naye kila pumzi inapokatika, kwa miezi 3 ya mwanzo. Kasi yake msiiulize kabla ya hapo.