Daftari la Gramu

Ukitaka kumjua mfugaji wa mijusi-chui, liache tangi lake, omba daftari. Ndani utakuta tarehe na gramu, tarehe na gramu, kurasa kwa kurasa. Nimejifunza kulipenda daftari la namna hiyo hapa Leicester, mbali na Tanga, tulikokuwa tukimfukuza mjusi kafiri kwa ufagio.

Mjusi-chui si wa ukutani. Kwao ni kwenye nyika kavu za mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ana kope, hufumba macho akilala, na vidole vyake haviwezi kupanda kioo. Akiba ya mafuta huiweka mkiani, kwa hiyo mkia ndio hutangulia kusema: ukinenepa kuna heri, ukinywea kuna jambo.

Jike wangu nilimpokea ana mwaka mzima na gramu 26, umri ambao wenzake wengi wameshavuka 45. Alikuwa amelelewa tangi moja na wakubwa zake, wakimpora chakula na mahali pa joto. Na joto kwa mjusi ni nusu ya chakula. Tumbo lisipolalia sakafu ya nyuzi 31 au 32, alichokula hakisagiki vizuri, hata ungemjazia bakuli.

Daktari wa wanyama alipima kinyesi kutafuta vimelea. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono yangu, na kazi hiyo naisifu bila haya. Chenene ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, basi unamlisha chenene kwanza, majani mabichi siku nzima, kisha unamtikisa kwenye unga wa kalsiamu, ndipo anafika kwa mjusi. Unalisha anayeliwa ili ashibe mlaji! Nani angedhani mfupa wa mjusi hujengwa na majani aliyokula mdudu?

Wengi hudhani jike asiye na dume hana habari ya mayai. Anayo. Hutaga mayai yasiyo na mbegu, kwa kawaida mawili mawili, na kalsiamu isipotoka kwenye chakula hutoka mifupani mwake, mpaka taya lilegee na miguu ipinde. Ndiyo maana wafugaji waangalifu hawampandishi jike aliye chini ya gramu 45. Mimi namheshimu zaidi anayengoja hata baada ya hapo, na aliyedumaa kama wangu simpandishi kabisa.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa pili hapa Uingereza niliona kupitia ngozi ya tumbo vivimbe viwili vyeupe. Nikamwekea kisanduku chenye makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuloweshwa, harufu ya kwetu chumbani. Alichimba usiku kucha. Nami sikulala vizuri, kwa kuwa yai likikwama huua, na mwili mdogo una njia finyu.

Alfajiri nikakuta mawili, laini kama ngozi, yamebonyea. Ubavu wake ulikuwa umeingia ndani. Alilamba maji muda mrefu. Jioni akala chenene wanne, nikampandisha kwenye mizani ya jikoni: gramu 41. Nikaandika tarehe, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, "mkia bado mnene".