Uigaji wa Mawasiliano ya Chini ya Ardhi na Maduara ya Kahama na Geita: Tathmini ya Kihakiki

Tasnifu za uzamili katika uhandisi wa elektroniki na mawasiliano zinazohusu migodi hutambulika mapema. Njia ya chini ya ardhi huchorwa katika MATLAB, visambazaji hupangwa kwa nafasi sawa, na sura ya matokeo huonyesha nguvu ya mawimbi ikishuka kadiri umbali unavyoongezeka. Hesabu kwa kawaida ni sahihi. Shaka inaanzia kwenye njia yenyewe.

Modeli inayorejelewa mara kwa mara ni ya Emslie, Lagace na Strong ya mwaka 1975, iliyotokana na migodi ya makaa ya mawe ya Marekani, ambamo njia ni pana na zina umbo la mstatili. Katika mgodi mkubwa kama Bulyanhulu, ambako mitambo hupita katika njia zilizochongwa mwambani, modeli hiyo ina pa kusimamia. Duara la mchimbaji mdogo wa Nyarugusu ni jambo lingine: shimo jembamba linaloshuka kati ya matimba, kisha hujipinda kufuata mkanda wa dhahabu. Kwa ukadiriaji rahisi wa mwongozo wa mawimbi, njia yenye upana wa mita 4 huanza kupitisha mawimbi kwenye megahezi 37 hivi. Yenye upana wa mita 1 husubiri hadi megahezi 150. Kupandisha masafa huvuka kikomo hicho, lakini kila kona hudai gharama kubwa zaidi, na kona hazimo katika mchoro.

Upungufu mzito zaidi ni kudhani kwamba njia itabaki wazi. Mwezi Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa Nyangarata, Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Katika hali kama hiyo, mtandao wa vihisi wa gigahezi 2.4 hukatika pale pale kifusi kilipoangukia, hata kama grafu zake zilipendeza. Kinachobaki ni kupenya ardhi yenyewe. Ardhi yenye ukinzani wa om-mita 100 ina kina cha kupenya cha karibu mita 5 kwa mawimbi ya megahezi 1, na karibu mita 160 kwa kilohezi 1. Masafa hayo ya chini hubeba data kidogo mno: si sauti wala picha, bali ishara fupi kwamba mtu yu hai na yuko upande gani.

Hapo ndipo kigezo cha kasi ya data, kinachotawala tasnifu hizi, kinapopotosha. Mtafiti ambaye angepima ukinzani wa udongo katika duara moja tu, akaondoa kisambazaji cha katikati na kurudia uigaji, angeleta jedwali la biti chache kwa sekunde. Mbele ya watahini waliozoea megabiti, jedwali hilo lingeonekana maskini.