Mizani ya Mitambo Inayoainisha Maneno ya Kiswahili

Mwaka 2006 De Pauw, de Schryver na Wagacha walishindanisha mitambo ya kuainisha maneno ya Kiswahili. Neno *paa* laweza kuwa mnyama, sehemu ya nyumba, au kitendo. Mtambo hauna budi kukisia kwa maneno ya jirani. Mmoja ulihesabu jinsi aina za maneno zifuatanavyo. Mwingine ulilinganisha kila neno na mifano uliyoihifadhi. Kazi hiyo yastahili sifa.

Hata hivyo, mizani yenyewe yataka kupimwa. Alama za maneno katika hazina ya Helsinki ziliwekwa na SALAMA, mtambo wa kanuni wa Arvi Hurskainen. Basi mshindi ni yule aliyemwiga mwalimu vizuri zaidi. Mwalimu akikosea, mwanafunzi aliyepatia huhesabiwa kuwa amekosa.

Kipimo cha haki kingefaa kianzie mahali kama Ijumbi, Kagera, ambako Kiswahili huishi pamoja na Kihaya, na neno *ebitoke* laweza kuingia katika sentensi bila kubisha hodi. Wasemaji wenyewe waainishe kwanza maneno yao, kisha mitambo ishindane. Ndipo itakapojulikana ni upi uliojifunza lugha, na ni upi uliojifunza kuiga.