Mswada, Kadhi na Mwani wa Paje: Je, Kusomwa Mara Tatu Ndiyo Shura?

Waislamu wanapozungumzia utawala husikika kauli mbili. Wapo wasemao kwamba Baraza la kutunga sheria ndiyo shura yenyewe, na wapo wasemao kwamba halina uhusiano wowote na shura. Sisi twaona kauli zote mbili zina haraka. Lililo bora ni kuishika sheria moja, tukaangalia imetungwaje na imemfikia nani. Tumeichagua Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya Zanzibar, Nambari 9 ya mwaka 2017, na tutaitazama kutokea kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya Unguja.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Zama za masultani makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi walihukumu mambo mengi ya watu. Waingereza walipoishika nchi, mamlaka ya kadhi yalipunguzwa hadi yakabaki zaidi katika ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Mwaka 1926 wakaweka Baraza la Kutunga Sheria, ambalo halikuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi hadi 1957. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kazi ya kutunga sheria ilishikwa na Baraza la Mapinduzi, mpaka lilipoanzishwa Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Baraza hilo ndilo lililopitisha Sheria ya Mahkama za Kadhi Nambari 3 ya 1985, na ndilo lililoibadilisha mwaka 2017.

Ama utaratibu wa kutunga sheria ni kama ifuatavyo. Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya 1984, chombo cha kutunga sheria kina sehemu mbili: Rais na Baraza la Wawakilishi. Mswada hutangazwa katika Gazeti Rasmi, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati, ambayo inaweza kuwaita watu watoe maoni yao. Ukisomwa mara ya pili wajumbe huujadili, halafu hupitiwa kifungu kwa kifungu, ndipo usomwe mara ya tatu. Hauwi sheria mpaka Rais atie saini. Hakuna katika hatua hizi jambo ambalo mwanachuoni angelikataa. Bali kusoma mara tatu na kupitia kifungu kwa kifungu ni katika kujihadhari na pupa.

Sasa twende Paje. Tangu 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Hungoja maji ya bamvua yatoke, huingia wakafunga mwani kambani, huuvuna, huukausha na kuuza. Fedha hizo zimenunua matofali na mabati, zimesomesha watoto. Lakini nyumba aghlabu husimama juu ya kiwanja cha mume au cha ukoo wake. Ikija talaka, mke huondoka na nini?

Sheria ya 1985 haikulitaja waziwazi suala hili. Jumuiya za wanawake na wanasheria zilidai miaka mingi litajwe, na sheria ya 2017 ikampa kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mali iliyochumwa katika ndoa, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Wapo walioona kwamba huu ni uzushi ulioletwa kutoka nje. Hatukubaliani nao. Surat An-Nisaa, aya ya 32, yathibitisha kuwa mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma, kama mwanamume alivyo na lake. Mali ya mke haiingii katika mali ya mume kwa sababu ya nikaha. Huko Morocco, katika karne ya 16, Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba wanawake wa milima ya Ghomara waliofanya kazi mashambani wana haki katika mazao yaliyotokana na jasho lao. Kwa hiyo mlango huu ulikuwamo ndani ya fiqhi kabla ya Baraza lolote la leo.

Pamoja na hayo, tuna mambo mawili ya kuikosoa kazi ya Baraza.

La kwanza ni nani alikuwamo. Sheria ya 1985 ilipitishwa zama za chama kimoja. Ile ya 2017 ilipitishwa na Baraza lililotokana na uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, uliosusiwa na chama kikuu cha upinzani wakati huo, CUF. Maana yake, sheria zote mbili za kadhi zilipita pasi na upinzani wenye nguvu ndani ya ukumbi. Sayyidna Umar alipotaka ardhi ya Iraq isigawiwe wapiganaji, walimpinga baadhi ya Masahaba, akiwemo Bilal. Hakuwafungia mlango, aliwakusanya, akawasikiliza, akatoa hoja zake. Shura inahitaji mtu wa kusema hapana, ili hoja ipimwe.

La pili ni ushahidi. Neno "mchango" ni jepesi kulitamka Chukwani, lakini ni zito mbele ya kadhi. Kanuni ya fiqhi ni kuwa mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Mke aliyetoa fedha za mwani miaka kumi hana risiti ya tofali hata moja. Tena kadhi hana budi kuuliza: alichotoa kilikuwa hiba, deni, au ushirika? Kila jibu lina hukumu yake. Hiba haidaiwi kama deni, na deni hulipwa kama lilivyo, hata kama nyumba imepanda thamani. Lau wakulima wa mwani wangeulizwa kwa wingi mswada ulipokuwa katika kamati, suala hili lingejitokeza siku ya kwanza.

Paje ina Mwakilishi wake Barazani, na kutoka huko hadi mjini ni kilomita zipatazo 50 tu. Basi kamati zinapochukua maoni ziende vijijini, tena siku ambazo wanawake hawamo baharini, na mswada uelezwe kwa Kiswahili kinachofahamika. Nao masheikh wanaofungisha ndoa wawahimize wanandoa kuandika, mbele ya mashahidi, kila anapotoa mmoja wao mali ya kujengea. Qur'ani imetuamrisha kuandika deni, na mume na mke hawakutolewa katika amri hiyo.

Hayo yakifanyika, kusomwa mara tatu kutakaribia kuwa shura. Yasipofanyika, sheria itabaki nzuri katika karatasi, na mwanamke wa Paje ataendelea kutoka nyumbani na nguo zake tu. Wallahu aalam.