Kupima Ubora wa Sauti ya Kinanda katika Studio ya Nyumbani

Ubora wa kinanda kilichorekodiwa nyumbani hutegemea zaidi njia iliyopitiwa na sauti kuliko bei ya kinanda chenyewe, na ndiyo maana msikilizaji makini huipima njia hiyo kabla ya kuusifu au kuukosoa upigaji.

Kipimo cha kwanza ni ukimya: spika zikipandishwa huku hakuna kibonye kilichobonyezwa, hapapaswi kusikika mvumo wa umeme. Nchini Tanzania na Kenya, ambako umeme wa gridi ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, mvumo huo hukaribiana mno na noti ya G ya chini yenye hezi 49, hivyo hujificha nyuma ya mkono wa kushoto, na sauti ya ogani ikishikiliwa kwenye noti hiyo husikika ikipanda na kushuka takriban mara moja kila sekunde. Mara nyingi chanzo ni kinanda na kompyuta kukutana kwenye waya wa ethi kwa njia mbili. Dawa yake ni kisanduku cha DI chenye transfoma, ambacho hupitisha sauti bila kuunganisha nyaya moja kwa moja, wala si kuukata waya wa ethi, kwani huo ndio unaolinda uhai wa mpigaji.

Kipimo cha pili ni kiwango cha kuingizia sauti. Katika mfumo wa dijitali, desibeli 0 ni dari, na mawimbi yanayoigonga hukatwa vilele na kukwaruza. Rekodi njema ya biti 24 huacha vilele desibeli 6 hadi 12 chini ya dari, bila hofu ya kuongeza kelele.

Kipimo cha tatu ni kuziunganisha njia za kushoto na kulia ziwe moja, kama zinavyosikika kwenye simu nyingi za bei nafuu. Piano ikikonda ghafla, mawimbi ya pande hizo mbili yanafutana, na hapo heri kurekodi njia moja iliyo imara kuliko upana wa bandia.

Kipimo kizito kuliko vyote ni utengano. Katika taarab ya kisasa, kinanda kimoja huweza kubeba fidla, akodiani, ganuni na hata besi. Sauti hizo zikitolewa zote pamoja kwenye jozi moja ya nyaya, hakuna mikseri itakayoweza kuinua fidla bila kuinua akodiani. Fundi hodari hurekodi kwanza MIDI, lugha ya maagizo iliyoanza kutumika mwaka 1983, ambayo haibebi sauti bali hueleza noti ipi ibonyezwe, lini na kwa nguvu gani. Kisha hukirudishia kinanda maagizo hayo, akirekodi kila ala kwenye njia yake. Mchanganyo uliojengwa hivyo hutambulika upesi, kwa kuwa msikilizaji huweza kuifuata ala moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuipoteza, na kinanda kinachopita mtihani huo kinastahili kuitwa kizuri hata kama ni cha bei ya chini.