Shtaka lilianza kama malalamiko

Mwaka wangu wa kwanza kuandika habari za mahakama, niliandika "mwizi" pale palipotakiwa "mshtakiwa". Neno fupi, kichwa cha habari kikaenea vizuri, mhariri akapitisha. Miezi kadhaa baadaye yule bwana akaachiwa huru. Mama yake akaja ofisini, gazeti limekunjwa ndani ya mkoba, akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, neno hili utalifuta vipi?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kulichunguza lile neno nililoliruka.

Shtaka limetoka kwenye Kiarabu, ishtaka, yaani kulalamika. Sura ya 58 ya Kurani inaanza na mwanamke anayemlalamikia Mungu kuhusu mumewe, na kitenzi kilichotumika pale ni hicho hicho. Maana hiyo bado tunayo majumbani. Mtoto akinyang'anywa mpira husema "nakushtaki kwa mama", na mnyonge aliyekosa pa kwenda humshtakia Mungu. Hapo hakuna polisi wala karatasi. Kuna aliyeumia, na kuna anayeombwa asikilize.

Waingereza walipita njia nyingine. Neno lao indictment chimbuko lake ni Kilatini, kutamka jambo liandikwe, nalo likawafikia kupitia Kifaransa cha watawala wao wa zamani. Lao limeanzia kwenye kalamu ya karani, letu kwenye kinywa cha aliyeumizwa. Tuliporithi taratibu zao tukaongeza karatasi: hati ya mashtaka. Leo kesi ya jinai ikifika Mahakama Kuu ya Tanzania, anayeshtaki ni Jamhuri. Aliyeibiwa anaitwa kama shahidi tu.

Sasa turudi kwetu waandishi. Tuhuma, shtaka na hatia ni ngazi tatu. Tuhuma ni dhana juu ya mtu. Shtaka ni dhana hiyo ikishafikishwa mbele ya hakimu, ambako mwenyewe naye anapewa nafasi ya kujibu. Hatia huja mwisho, ikithibitishwa. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza kumtendea aliyeshtakiwa kama mkosaji kabla ya hapo. Lakini sisi tukiandika "jambazi mbaroni" tumeshapanda ngazi zote tatu kwa mruko mmoja, na hakimu hata faili hajalifungua.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, na ilistahili. Ila lugha ya mahakama haiwezi kuwa makini kizimbani halafu ikawa ya ovyo magazetini.

Tulichapa masahihisho, mistari mitatu, ukurasa wa ndani. Yule mama hakwenda mahakamani kutudai chochote. Alikuja kunishtaki kwa maana ile ya kale, na aliyenishtaki kwake ni mimi mwenyewe.